Uzito katika magurudumu ya trekta: faida na tahadhari zake

Magurudumu ya nyuma ya trekta yanapozunguka bila kusonga, mafuta yakiungua na plau ikibaki palepale, wakulima wengi hulaumu injini. Aghalabu injini haina kosa. Kinachokosekana ni uzito wa kuyawezesha matairi kuishika ardhi.

Uzito huo huongezwa kwa njia mbili: kutia maji ndani ya matairi, au kufunga kwa bolti vyuma vizito vya mviringo kwenye magurudumu. Maji hayapaswi kuzidi robo tatu ya nafasi ya tairi. Katika nchi za baridi kali huchanganywa na chumvi ya kalisi ili yasigande.

Kiasi gani kinatosha?

Uzito ukipungua, matairi huteleza na kulika upesi. Ukizidi, udongo hushindiliwa, mizizi na maji hushindwa kupenya, na ekseli na giaboksi huelemewa. Harry Ferguson, mvumbuzi kutoka Ireland, alilifahamu jambo hilo. Trekta yake ya TE20, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, ilikuwa nyepesi; mfumo wake wa haidroliki uliutumia mzigo wa plau yenyewe kuyakandamiza magurudumu ya nyuma.

Kipimo chake ni rahisi. Tairi la nyuma hutiwa alama ya chokaa, kisha trekta hulima hadi tairi lizunguke mara 10. Umbali huohuo hurudiwa plau ikiwa imeinuliwa. Mizunguko ikiwa 9, mtelezo ni asilimia 10. Ikiwa 8 na nusu, ni asilimia 15. Kwa trekta inayoendeshwa na magurudumu mawili, kiwango kati ya hivyo viwili kinafaa. Mizunguko ikipungua chini ya hapo, uzito uongezwe. Ikikaribia 10, upunguzwe.

Namna ya kufunga

Trekta huegeshwa mahali tambarare na pagumu, injini ikazimwa, breki ikafungwa na magurudumu yakawekewa vigingi. Chuma kimoja chaweza kuwa na kilo 50 au zaidi. Kikiponyoka huvunja mguu. Hivyo ni kazi ya winchi au ya watu kadhaa, si ya mtu mmoja.

Kutu, matope na rangi iliyobanduka huondolewa pale chuma kinapogusana na gurudumu, kwani uchafu huo ukisagika bolti hulegea. Bolti zote huanzishwa kwa mkono, kisha hukazwa kwa zamu, moja na ile inayoielekea, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Pande zote mbili hubeba uzito sawa.

Kazi haiishii hapo. Baada ya saa chache za kwanza za kulima bolti zote hukazwa tena, na baadaye hukaguliwa mara kwa mara. Chuma kilicholegea hupanua matundu ya gurudumu, na hatimaye huweza kuchomoka barabarani penye watu.

Ifahamike pia kwamba vyuma vya magurudumu ya nyuma haviizuii trekta kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Hiyo ni kazi ya vyuma vinavyotundikwa mbele ya radieta na kufungwa kwa pini. Msimu wa kulima ukiisha na trekta ikirudia kuvuta tela, uzito usiohitajika huondolewa.