Masini ya upepo ikikufa, nani anaizika?



Msimu uliopita nilitengeneza pepinieri ya michikichi pembeni ya njia, hapa kwetu Lusangi. Miche ilishika vizuri kila mahali isipokuwa kona moja. Pale ilikauka, nikapanda tena, ikakauka tena. Miye na lisansi yangu ya agronomia nilitafuta ugonjwa, nikatafuta wadudu, sikuona kitu. Mwishoni mzee mmoja jirani akaniambia: "Mwanangu, pale njo walimwanga maji ya batri."

Zilikuwa batri za plaki za jua, zimekufa. Mnunuzi alipita na kinga, akataka risasi tu, ile chuma laini iliyo ndani. Akazipasua, akalipa feza kidogo, akaenda zake. Asidi ikabaki na udongo wetu.

Toka siku ile niko na swali moja: masini ya umeme ikizeeka, inakwenda wapi? Nilipoanza kusoma, niliona ya kuwa mfano unaofundisha zaidi ni masini za upepo, zile nguzo ndefu zenye mabawa matatu. Kwetu Maniema hazijafika. Lakini Kenya ziko, na za kwanza zimekwisha kustaafu.

Mwaka 1993, juu ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, zilisimamishwa masini mbili za upepo. Zilikuwa zawadi ya serikali ya Ubelgiji. Zilifanya kazi miaka yake, zikachoka, zikatolewa kazini. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya KenGen ikaanza na zingine mpya sita za Vestas, zote pamoja megawati 5.1. Kisha zikaongezwa zingine.

Masini ya namna hii inapangiwa kuishi miaka 20 mupaka 25. Fanyeni hesabu: zile za 2009 zitafika mwisho wake kati ya 2029 na 2034. Si mbali. Mwanafunzi anayeingia G1 leo atakuwa bado anatafuta kazi.

Sasa tuangalie maiti yenyewe. Nguzo ni chuma cha pua, inakatwa na kuyeyushwa. Ndani ya jenereta na nyaya kuna shaba, na shaba ina bei kila mahali. Siye Wakongomani tunalijua hilo kuliko watu wengi. Kwa uzito, karibu asilimia 85 mupaka 90 ya masini inaweza kutumiwa tena. Kinachobaki ni mabawa. Haya ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi ngumu, na mara nyingi ndani mna mbao nyepesi za balsa, mti unaolimwa sana Ekwado. Ile gundi imetengenezwa ili isiachie: istahimili mvua, jua na dhoruba miaka 20. Basi nguvu iliyofanya bawa liwe zuri njo inafanya liwe taabu likikufa. Halioze, haliyeyuki kama chuma, na hakuna mnunuzi anayepita kulitafuta.

Nchi tajiri zimehangaika pia. Kule Casper, jimbo la Wyoming, Marekani, mabawa yalikatwa vipande vitatu vitatu na kuzikwa kwenye jalala kubwa. Ujerumani ilikataza toka 2005 kutupa takataka za namna hii bila kuzitengeneza kwanza. Mengine yanasagwa na kuchomwa kwenye usine za simenti. Rotterdam kuna mahali pa watoto kuchezea palipojengwa na mabawa ya zamani. Denmark, mashamba ya kwanza ya upepo baharini, Vindeby, yalianza 1991 na masini 11. Mwaka 2017 wenyewe waliziondoa zote, mupaka misingi yake ndani ya maji. Kampuni zingine zinatafuta gundi inayoweza kufunguliwa. Njia ziko, ila zinaomba feza.

Turudi Afrika. Karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna masini 365, megawati 310. Kila moja ina mabawa matatu, kila bawa karibu metre 25. Hesabu: mabawa 1,095. Umeme wake ulianza kwenda mjini mwaka 2018. Udongo ule ni wa wafugaji, na mwaka 2021 korti ya Meru ilisema hati za udongo zilitolewa bila kufuata sheria. Hapa njo ninapoona hatari. Kama mwenyeji hakuulizwa vizuri siku masini inaingia, nani atamuuliza siku inakufa?

Sheria ninayoiona ni hii: kitu chenye bei kinaondoka chenyewe, kitu kisicho na bei kinabaki na mwenye udongo. Kwa batri, risasi iliondoka, asidi ikabaki. Kwa masini ya upepo, shaba itaondoka, bawa litabaki. Na babu zetu waliliona zamani: toka 1917 Wabelgiji walilazimisha watu kulima pamba. Pamba ilisafirishwa, faida ikaenda, na shamba lililochoka likabaki la nani?

Sisemi tukatae. Jioni hospitali ikizalisha mama kwa mwanga wa simu, hakuna mutu mwenye akili atakataa plaki. Ninachosema: wakati wa kuuliza juu ya mazishi ni siku ya ndoa. Siye tuliosoma njo tunaitwa kusoma kontra mbele ya wazee. Basi tuulize mambo matatu mbele ya kutia sahihi: nani ataondoa masini ikikufa, feza ya kuiondoa inawekwa wapi kuanzia mwaka wa kwanza, na udongo utapimwa na nani kisha kazi. Kama jibu ni "tutaona", tusitie sahihi bado.

Kuhusu kona yangu: nimetia chokaa. Chokaa inapunguza ukali wa asidi, lakini mabaki ya risasi hayaozi, na mboga zinaweza kuyabeba mupaka kwenye sahani. Kwa hiyo nimezungushia ua, sipandi sombe pale, na watoto nimewakataza kucheza. Sehemu ndogo tu, hatua tano kwa nne. Lakini imekufa kwa ajili ya batri nne, na hakuna aliyeandika popote nani alipaswa kuzichukua.

Kwenu kuko hivyo pia? Batri zilizokufa za mtaa wenu ziko wapi leo? Andikeni hapo chini, tufanye liste.