Kamera ya Kopo: Kutoka Chumba cha Ibn al-Haytham hadi Turkana



Ndugu msomaji, kila Ramadhan katika mihadhara yetu lazima utasikia mtu akisema, "Kamera iligunduliwa na Muislamu!" Sote tunaitikia takbir, halafu tunatoa simu mfukoni tunapiga picha ya futari. Mimi mwenyewe niliwahi kuyasema hayo mbele ya watu, nikiwa bado mwanafunzi wa madrasa hapa Lodwar. Nilipofika chuo kikuu na kusoma zaidi, nikaona kumbe nilisema nusu ya ukweli. Leo naomba niimalizie ile nusu iliyobaki.

Mwanachuoni na taa zake

Al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965 na akafariki Cairo yapata mwaka 1040. Aliandika Kitab al-Manazir, vitabu saba juu ya mwanga na jinsi jicho linavyoona. Katika kazi hiyo anaeleza jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya. Chukua taa kadhaa, uzipange mahali mbalimbali mbele ya tundu linaloingia kwenye chumba chenye giza. Ndani, ukutani, utaona madoa ya mwanga sawa na idadi ya taa. Ukiifunika taa moja, doa lake peke yake linapotea. Ukiifunua, linarudi palepale. Kwa hivyo mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka, na miale ya taa hizo haichanganyiki pale kwenye tundu.

Aliandika pia risala juu ya umbo la jua linapopatwa. Hapa kwetu jambo hilo si geni. Jioni ya tarehe 3 Novemba 2013, mwisho wa Dhul-Hijja 1434, kivuli cha mwezi kilipita Turkana. Jua linapopatwa hivyo, kama hakuna mawingu, tazama mchanga chini ya mti: kila upenyo mdogo kati ya majani unachora jua dogo lililomegwa, mfano wa hilali. Mti wenyewe umegeuka kamera.

Sasa tuseme ukweli. Ibn al-Haytham hakuwa wa kwanza kuona picha ya tundu. Wachina wa zama za Mozi na Wayunani wa zama za Aristotle waliizungumzia zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Wala hakutengeneza kamera ya kupiga picha. Na yale maneno kwamba jina "kamera" limetokana na Kiarabu, hayo si sahihi. Ni neno la Kilatini, maana yake chumba. Je, heshima yake imepungua? La hasha! Yeye hakutosheka na kusikia. Alichukua taa na tundu, akajaribu, akabadilisha, akajaribu tena. Hilo ndilo alilotuachia.

Vijisanduku vya mbao

Picha ya chumba chenye giza ilikuwa inakuja na kuondoka, hakuna aliyeweza kuishika. Kuishika kulipatikana Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot alitumia visanduku vidogo vya mbao vilivyotengenezwa hapo kijijini kwake, akaweka ndani karatasi iliyopakwa dawa ya fedha. Mkewe aliviita mitego ya panya! Hata kamera ya Brownie ya kampuni ya Kodak, iliyotoka mwaka 1900 kwa dola moja, ilikuwa boksi la kadibodi tu lenye lenzi nyepesi.

Huko Afghanistan mafundi wa barabarani walikuwa na sanduku la mbao ambalo ndani yake ni chumba cha giza kamili. Fundi anaingiza mkono kupitia mkono wa nguo, anasafisha karatasi katika vibeseni viwili vilivyomo humohumo, kisha anaipiga picha ile picha ili nyeusi iwe nyeupe. Mteja anangoja dakika chache, anapewa picha ya kitambulisho.

Na tusiende mbali. Pale Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Alijifundisha kazi mwenyewe, akawa na studio yake, na alikuwa akikata na kuunganisha negativu kwa mkono mpaka watu wakashangaa. Naye Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, alianza utotoni na Brownie kuukuu aliyoinunua shilingi 40. Ndiye aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliyoamsha dunia nzima, na Ziwa Turkana letu alilifanyia kitabu kilichotoka 1981.

Kopo la mafuta

Ukitembea kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992, utaona milango na madirisha yaliyotengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada yaliyopondwa yakanyooka. Mtu aliyeweza kugeuza kopo kuwa mlango hawezi kushindwa kuligeuza kamera. Basi likizo iliyopita, mimi na wenzangu wawili tukajaribu.

Kopo tulilipaka masizi ndani. Tukakata kipande cha mkebe wa soda, tukakitoboa kwa ncha ya sindano na kukilainisha kwa msasa, tukakibandika kwenye dirisha dogo la kopo kwa solotepu nyeusi ya mafundi umeme. Mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani alitupa boksi la karatasi za picha lililobaki, pamoja na dawa ya kuzuia picha isifutike. Chumba cha giza kilikuwa nyumba ya mabati, usiku, mablanketi madirishani. Taa tulifunika kwa plastiki nyekundu ya taa ya nyuma ya bodaboda, maana karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu. Beseni ni jerikeni lililokatwa.

Dawa ya kusafishia tulichanganya kahawa ya unga ya kuyeyuka na magadi yaliyochomwa. Msicheke! Njia hii ya kahawa ilitoka mwaka 1995 katika chuo kimoja cha Rochester, Marekani. Shida yetu ilikuwa joto: dawa inataka nyuzi 20 hivi, na Lodwar mnaijua. Tuliipoza ndani ya mtungi wa udongo uliofungwa gunia bichi.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi tititi, kopo lilikuwa linavuja mwanga. Ya pili vilevile. Ya tano ikatoa mikoma na ukuta. Kwa jua letu tundu linafunguliwa kama nusu dakika hadi dakika moja, kwa hivyo wapita njia wote hawakuonekana. Aliyeonekana ni yule mzee tu, aliyekubali kukaa kwenye kiti bila kutikisika. Alipoiona alinyamaza muda, kisha akasema, "Miaka yote nimepiga watu, mimi mwenyewe sina picha." Tukampa.

Tujifunze nini?

Vijana wenzangu, kumsifu Ibn al-Haytham si vibaya. Lakini kama sifa zenyewe haziondoki kwenye kipaza sauti, basi tunajivunia jasho la mwingine. Mara ngapi tunasema hatuna vifaa, tunangoja mfadhili? Kopo tunalo, magadi tunayo, na jua Mwenyezi Mungu ametupa la kutosha na kubaki. Ramadhan hii, baada ya alasiri, chukua kopo na sindano, mkalishe mdogo wako, mtoboe tundu, mwone ukuta wa jirani ukitokea kichwa chini. Halafu ukisimama kutoa mhadhara, utasema jambo uliloliona kwa macho yako.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.