Kubadilisha bledi ya msumeno wa umeme bila kupoteza vidole

Katika nyumba nyingi karakana ya useremala iko uani, hatua chache tu kutoka jikoni. Baba, kaka au wewe mwenyewe mama mnatengeneza vitanda na milango huku watoto wakicheza karibu. Msumeno wa duara hurahisisha kazi, lakini bledi yake ikigusa kidole, hukikata kabla mtu hajasikia maumivu. Soma makala haya pamoja na fundi wa nyumbani kwako.

Umeme kukatika si sawa na kuchomoa plagi

Umeme ukikatika, mafundi wengi huona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kubadilisha bledi. Hapo ndipo penye hatari. Kama swichi iliachwa imewashwa, umeme ukirudi mashine inaanza kuzunguka yenyewe, na mkono uko ndani. Mashine za mezani zinazotumia swichi ya kawaida ya ukutani ni za kuangalia zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiguse bledi kabla ya kuchomoa plagi, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Plagi iwekwe mbele ya macho ya fundi, ili mtoto au msaidizi asiichomeke bila yeye kujua. Kama mashine imeungwa moja kwa moja bila plagi, zima swichi kuu na mtu mzima asimame hapo mpaka kazi iishe. Msumeno wa betri, toa betri.

Hatua za kubadilisha bledi

1. Zima swichi, chomoa plagi, kisha subiri bledi isimame kabisa. Usiisimamishe kwa kipande cha mbao.
2. Vaa glavu nene au shika bledi kwa kitambaa kizito. Bledi iliyosimama nayo inachana kiganja.
3. Bonyeza kitufe cha kuzuia bledi isizunguke, kama kipo, kisha legeza bolti kwa spana yake. Kwenye misumeno mingi bolti hulegea ukiizungusha upande ule ule ambao bledi huzunguka.
4. Toa bledi ya zamani na ufute vumbi la mbao mahali inapokaa.
5. Kagua bledi mpya. Ukubwa wake na tundu la katikati viendane na mashine. Kasi iliyoandikwa juu yake isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Yenye ufa, iliyopinda au iliyokatika jino isifungwe.
6. Mshale wa kwenye bledi uelekee upande mmoja na mshale wa kwenye mashine. Kwa msumeno wa mkononi, meno ya mbele hutazama juu. Kwa msumeno wa mezani, meno ya juu humtazama anayesukuma mbao.
7. Rudisha washa na bolti, kaza vizuri, kisha ondoa spana. Spana iliyosahauliwa hurushwa mashine ikiwashwa.
8. Zungusha bledi kwa mkono ukiwa bado hujachomeka plagi. Isiguse kitu chochote.

Baada ya hapo chomeka plagi, simama pembeni mwa bledi na si mbele yake, washa, na usikilize kidogo. Ikitetemeka au kupiga kelele isiyo ya kawaida, zima, chomoa na uanze tena.

Kava lisifungwe kwa waya

Kava la chini la msumeno wa mkononi hujifunga lenyewe kwa springi baada ya kukata. Baadhi ya mafundi hulifunga kwa waya ili liwe wazi muda wote. Msumeno huo ukiwekwa chini au ukiruka nyuma, hukata paja au mguu. Bledi itokeze chini ya mbao milimita chache tu, isizidi hapo.

Wakati wa kukata, vua glavu, pete na bangili, funga nywele, na usivae khanga inayoning'inia. Usiwashe msumeno ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Chora mstari chini ambao watoto hawauvuki, na kazi ikiisha mashine ifungiwe. Kijana aliye chini ya miaka 18 asipewe mashine hii, hata kama anajifunza ufundi.

Mtu akijikata

- Zima mashine na uchomoe plagi kwanza.
- Bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na uendelee kubana dakika 10 bila kufunua. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu yake.
- Usiweke kahawa, majivu, mafuta ya taa, grisi wala dawa ya meno. Usifunge kidole kwa kamba au mpira.
- Vua pete mapema, kabla mkono haujavimba.
- Kidole kikikatika, kitafute. Kisuuze kidogo kwa maji safi bila kukisugua, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Mfuko huo uweke ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji.
- Nenda hospitali mara moja. Usisubiri asubuhi.

Sindano ya pepopunda

Wewe mama huenda ulichomwa sindano ya pepopunda kliniki ulipokuwa mjamzito. Baba na vijana hawaendi kliniki hiyo, na wengi wao chanjo yao ya mwisho ni ya utotoni. Mtu akikatwa, mwambie muuguzi alichanjwa lini. Kama hajui, au kidonda ni kichafu na imepita miaka 5, aombe kuchanjwa hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Leo hii weka karakanani vitambaa safi, mfuko wa plastiki usiotoboka, na namba ya simu ya dereva wa bodaboda au bajaji anayepatikana usiku. Ulizia pia jirani gani huuza barafu.