Kamera Ipo, Lakini Nani Ameiambia Linux?

Rafiki yangu aliniletea laptopu kuukuu nimwekee Linux. Kila kitu kikafanya kazi isipokuwa kamera. Nikamwambia imekufa. Akamlipa fundi ambadilishie, na mpya nayo ikakataa. Hapo ndipo nilipoanza kuichimba historia hii.

Kamera ya USB ukiichomeka hujitambulisha yenyewe. Kihisi cha kamera kilichofungwa ndani ya laptopu nyembamba au simu hukaa kwenye njia ya I2C, na huko kifaa husubiri kuulizwa. Kwa mfano, OV5640 ukiisomea rejista 0x300A na 0x300B hujibu 0x5640. Lakini kwanza lazima keneli iambiwe kwamba kihisi kipo, anwani yake, na umeme wake unatoka wapi.

Nani wa kuiambia? Kwenye ARM, zamani maelezo hayo yaliandikwa kwa C ndani ya keneli, bodi baada ya bodi. Mwaka 2011 Linus Torvalds akalalamika hadharani kuhusu vurugu hiyo, na bodi nyingi zikahamia kwenye mti wa vifaa, wazo lililotokana na Open Firmware ya mashine za Sun na Apple. Upande wa kompyuta za Intel kulikuwa na ACPI, iliyotolewa 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Draiva moja, lugha mbili! Linux 3.19 ya mwaka 2015 ikaleta njia moja ya kuuliza: draiva inataja sifa inayoitaka, bila kujali jibu limetoka kwenye mti au kwenye ACPI.

Sasa, kwa nini kamera ya rafiki yangu ilinyamaza? Laptopu yake ina IPU3 ya Intel, na majedwali ya ACPI ya mashine hizo yaliandikwa kwa ajili ya Windows. Kihisi kilitajwa, lakini jinsi kilivyounganishwa ilifichwa kwenye fungu la baiti liitwalo SSDB. Linux 5.12 ya mwaka 2021 ikaleta cio2-bridge, ambayo husoma SSDB na kuijengea draiva maelezo yaliyokosekana, kana kwamba femuwea yenyewe ndiyo iliyosema.

Keneli niliyokuwa nimemwekea ilikuwa ya kabla ya hapo. Kamera ilikuwa nzima tangu mwanzo. Pesa ya fundi nimemrudishia, na siku hizi nasoma dmesg kwanza kabla ya kutangaza kifo cha kifaa cha mtu.