Ushirikishwaji

Neno hili halikosekani kwenye hotuba na ripoti. Linatokana na *shiriki*. Ukiongeza *-ish-* unapata anayewashirikisha wengine. Ukiongeza *-w-*, mshiriki anageuka mtendwa, kikao kikabaki mikononi mwa aliyekiitisha. Ndiyo maana ni rahisi kulitumia vibaya. Kiziwi huitwa mkutanoni, akapigwa picha, akasaini orodha ya mahudhurio, na mkalimani wa lugha ya ishara hayupo. Ripoti itasema ameshirikishwa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Huo ni msingi wa *kushiriki*: mtu aseme, ajibiwe, abadilishe uamuzi. Asipopewa nafasi hiyo, tuandike ukweli: alihudhuria.