Risasi, Tumbaku na Zebaki: Historia ya Mpanda na Mtoto Aliye Tumboni

Historia ya Mpanda imezoea kuandikwa kwa hesabu ya mali iliyotolewa katika ardhi yake. Twasoma habari za mgodi wa risasi wa Uruwira. Za reli ya kilomita 210 itokayo Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Na za kufungwa kwa mgodi mwaka 1960, reli ikabaki. Kisha huja habari za tumbaku, na baada yake dhahabu ya wachimbaji wadogo. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba risasi, tumbaku, na zebaki itumiwayo kukamatia dhahabu, vyote vitatu vyagusa jambo moja lisilotajwa na wanahistoria wetu, nalo ni kujengwa kwa ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Yafaa kwanza tueleze kemikali zinazohusika. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa wa neva wa moyo mmoja, mapigo yake yakapungua. Maji yaliyouzunguka moyo huo alipoyatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Hivyo ikathibitika kwamba habari ya neva huchukuliwa na kemikali. Kemikali ile ilikuwa asetilikolini, na Loewi pamoja na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Baadaye zikajulikana nyingine nyingi, mathalan serotonini, dopamini na gaba. Katika makala haya nitaziita kemikali tarishi, maana kazi yao katika mwili wa mtu mzima ni kama ya tarishi: kupokea barua hapa na kuifikisha pale.

Hata hivyo jina hilo lina upungufu wake, na upungufu huo ndio kiini cha maneno yetu. Mwaka 1933 Chang na Gaddum walionyesha kwamba kondo la nyuma la binadamu lina asetilikolini nyingi. Kondo halina neva hata moja. Ikiwa hakuna neva, tarishi anampelekea nani barua? Jibu lilikuja polepole, hasa kwa uchunguzi wa panya. Mwaka 2007 ilionekana kwamba vijusi vya panya jike asiyeweza kutengeneza serotonini ya damu hukua vibaya, hata kama vyenyewe vimerithi uwezo wa kuitengeneza. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba kondo la panya hutengeneza serotonini kutokana na kirutubisho cha mama, na kuipeleka katika sehemu ya mbele ya ubongo wa kijusi. Gaba nayo, ambayo hutuliza ubongo wa mtu mzima, huusisimua ubongo mchanga. Jambo hilo lilionyeshwa katika panya mwaka 1989. Basi katika wanyama wanyonyeshao kemikali hizi hufika kabla ya neva. Huziarifu seli wakati wa kugawanyika, njia ya kupita na mahali pa kutua. Tarishi wa baadaye huanza kazi akiwa fundi mwashi.

Sasa na tuirudie Mpanda. Risasi ikiingia mwilini hujifananisha na kalisi, na kalisi ndiyo ifunguayo mlango wa neva ili kemikali tarishi zitoke. Zaidi ya hayo, hukaa mifupani miaka mingi. Mama mja mzito anapotoa kalisi ya mifupa yake kumjengea mtoto, risasi huifuata, ikavuka kondo. Kwa hiyo vumbi alilovuta msichana laweza kumfikia mtoto atakayemzaa akiwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tumbaku ina nikotini. Wataalamu wa neva wanaifahamu sana, maana J. N. Langley aliitumia katika majaribio yake hata akasema, mwaka 1905, kwamba seli zina kitu maalumu cha kupokea habari. Aina moja ya vipokezi vya asetilikolini yaitwa kwa jina la nikotini mpaka leo. Nikotini ni tarishi wa uongo mwenye barua ya kughushi, na mpokeaji huifungua. Vipokezi hivyo vimo katika ubongo wa kijusi tangu miezi ya kwanza. Wala si lazima mtu avute sigara. Mwaka 1970 madaktari wa Florida waliandika juu ya wachumaji waliougua kwa kugusa majani mabichi yaliyolowa, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi. Katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, tumbaku ilikuwa zao la kuwapatia fedha. Zao hili hulimwa na jamaa nzima: wanawake huchuma, hufunga majani katika fito, na huyaingiza katika mabani ya kukaushia.

Zebaki huchanganywa na mawe ya dhahabu yaliyosagwa, kisha mchanganyiko huchomwa. Moshi wake huvutwa na aliye karibu, nao huvuka kondo. Ile imwagikayo mtoni hubadilishwa na vijidudu ikawa zebaki ya aina nyingine iingiayo katika samaki. Hiyo ndiyo iliyoleta ugonjwa uliojulikana Minamata, Japani, mwaka 1956, ambako mama wasio na dalili kubwa walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Mwanafunzi wa lugha hapa ataona jambo. Risasi na zebaki ni maneno ya Kiarabu. Tumbaku limetoka mbali zaidi, ng'ambo ya Atlantiki, likapitia midomo mingi. Yote yaliingia katika Kiswahili pamoja na bidhaa, na yalichukua maana ya matumizi tu. Mtu akisikia risasi hufikiri bunduki. Hata neno sumu halitoshi, kwa kuwa kwa fikira za kawaida sumu humdhuru yule aliyeila, tena kwa haraka. Hapa mguswaji ni mmoja na mdhuriwa ni mwingine, na madhara yaweza kuonekana baada ya miaka, mtoto akiwa darasani.

Lakini Kiswahili hakikosi neno. Tunalo neno mwiko. Mwiko wa mja mzito ni katazo ambalo mama hulishika kwa ajili ya mtu asiyeonekana bado, na wazee hawakuhitaji kumthibitishia dhara ndipo alishike. Mafunzo ya kliniki za Mpanda yangeeleweka upesi zaidi kama yangesema kwamba kuchoma zebaki nyumbani ni mwiko, na kushika tumbaku mbichi ni mwiko, kuliko kurudia majina ya kemikali.

Hata hivyo mwiko huu hauna budi kupanuliwa pande mbili. Miko ya zamani huanza mimba ikijulikana, lakini mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga yapata siku ya 28, wakati mama wengi hawajajua kwamba wamepata mimba. Tena miko ya zamani ilimwelemea mama peke yake, ilhali zebaki huletwa nyumbani katika nguo za mume. Basi mwiko huu uanze kabla ya mimba, na umfunge baba pia. Nayo historia ya Mpanda, itakapoandikwa upya, iwahesabu watoto pamoja na tani za risasi.