Mpira wa Mkojo na Ngozi ya Papa (Sehemu ya 4)

Tuendelee, ndugu zangu. Jana niliishia kwenye mpira wa mkojo. Leo tunapitia baharini kidogo, msinicheke.

Mzee mmoja mvuvi wa hapa Mafia, mgonjwa wa tezi dume, alirudi kwangu mpira umeziba. Nilipoutoa, nchani una ukoko mgumu. Akautazama: "Mwanangu, huu nao umeota magamba kama mashua?" Nikacheka, kumbe kasema kweli tupu.

Ukikaa Kilindoni unajua. Chombo kikilala majini kinaanza ute, halafu majani, halafu magamba. Ndo maana wazee walisubiri maji yatoke, wakakwangua, wakapaka deheni, yaani chokaa na shahamu. Mpira nao vilevile. Bakteria wananata, wanajijengea utando, dawa haiwafikii vizuri. Wengine, kama Proteus, wanabadilisha mkojo hadi chumvi zake zinaganda. Ndo ule ukoko.

Mpira wenye puto, Dkt. Frederic Foley wa Marekani aliwaonyesha wenzake mwaka 1935. Silikoni ilikuja baadaye. Nzuri, lakini nayo inaota. Wakajaribu kuipaka madini ya fedha, wakajaribu dawa. Deheni ileile, ukiniuliza mimi.

Wazo jingine lilitoka kwenye meli za vita. Mwaka 2002 Anthony Brennan, profesa wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa Pearl Harbor. Jeshi la majini lilitaka kuzuia uoto bila rangi zenye sumu. Akaona nyambizi inaingia bandarini imejaa mwani, akajiuliza: mnyama gani mkubwa anayekwenda taratibu haoti kitu? Nyangumi anaota magamba. Papa je?

Nyie mliowahi kumpapasa papa kutoka mkiani mnajua anavyokwaruza kama msasa. Ni vijimeno vidogo vyenye mistari. Brennan akaiga mistari ile juu ya silikoni, upana wake maikromita 2, yaani milimita moja uigawe mara 500. Hakuna dawa ndani, ni umbo tu. Mwani ukapungua kwa asilimia 85 hivi. Mwaka 2007 wakaijaribu kwa bakteria wa majipu: silikoni laini ilianza utando siku ya 7, ile ya papa siku ya 21.

Lakini hiyo ni maabara jamani, siyo kibofu cha mtu. Kabatini kwangu ipo mipira ya kawaida. Mzee nilimwekea mpya, akauliza, "Huu nao utoke lini?" Tarehe nikaiandika kwa wino mzito kwenye mfuko wake wa mkojo, akamwita mwanawe aisome kwa sauti.